Dawa za ganzi na usingizi wakati wa kujifungua: zinamfikiaje mtoto?

Mama anayeambiwa atajifungua kwa upasuaji huwa na maswali mawili: dawa itamdhuru mtoto? Na nitaweza kumnyonyesha? Jibu hutegemea dawa iliyotumika na muda uliopita kabla mtoto hajazaliwa.

Sindano ya mgongo

Ndiyo inayotumika zaidi. Dawa yenyewe ni kidogo, na inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Tatizo lake kubwa ni kwamba presha ya mama inaweza kushuka ghafla, na damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma ikapungua. Ndiyo maana unawekewa dripu, unalazwa ukiegemea kidogo kushoto, na presha hupimwa mara kwa mara. Ukisikia kichefuchefu au kizunguzungu, sema hapo hapo. Usivumilie.

Nusu kaputi

Hutumika hasa mtoto anapotakiwa kutolewa haraka sana, au sindano ya mgongo isipofaa. Dawa hizi hupita kwenye kondo, hivyo mtoto anaweza kuzaliwa amelegea na kuchelewa kulia. Mkunga humkausha, humsugua mgongo na, akihitaji, humsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa.

Pethidini

Hii ni sindano ya kupunguza maumivu ya uchungu, na wengi hawaihesabu kabisa. Lakini inaweza kumfanya mtoto awe na usingizi kwa muda mrefu kuliko sindano ya mgongo. Ikitolewa saa chache kabla ya kujifungua, mtoto anaweza kupumua polepole, kisha akanyonya kwa uvivu kwa siku kadhaa, kwa sababu mwili wake huiondoa dawa taratibu. Ukihamishiwa hospitali nyingine, waambie ulichomwa sindano gani na saa ngapi.

Kunyonyesha

Anza mara tu unapokuwa macho na unaweza kumshika mtoto. Huna haja ya kukamua na kumwaga maziwa ya kwanza "yenye dawa". Kiasi kinachoingia humo ni kidogo sana, na hayo ya njano ndiyo yenye kinga. Maji ya glukosi hayachukui nafasi yake. Mtoto akiwa na usingizi, mvue nguo abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike mgongoni, na mwamshe anyonye kila baada ya saa 2 hadi 3.

Kwa maumivu ya mshono, parasetamo na ibuprofeni kwa kawaida hazina shida kwa anayenyonyesha. Kodeini na tramado ni tofauti: zinaweza kumlevya mtoto kupitia maziwa. Ukiandikiwa, mkumbushe daktari kwamba unanyonyesha.

Usingizi usio wa kawaida

Usingizi wa dawa hupungua kadiri saa zinavyopita. Ukizidi, usiseme "ni ile nusu kaputi tu", kwani maambukizi na upungufu wa sukari mwilini pia humlegeza mtoto. Mwite muuguzi, au kama mko nyumbani mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana, iwapo mtoto haamki kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo au ulimi unakuwa wa bluu, au mwili una joto kali au ni wa baridi.