Hewa ukaa inasukuma kwenda wapi?

Nimeadimika kidogo hapa barazani, wadau, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na kati ya hizo kuna moja iliyonitia aibu. Niliandika kihabari cha ukurasa wa biashara juu ya mafuta ya Marekani, nikasema kampuni za huko zinaingiza hewa ukaa kwenye miamba ya sheli "ili isukume mafuta yatoke". Kesho yake mhandisi mmoja akapiga simu mezani kwetu. Hakufoka. Aliuliza tu: "Kijana, inasukuma kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lake majuma mawili, na nilichokipata ni hadithi ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza tuelewane: sheli ninayoisema hapa siyo pale unapojazia pikipiki mafuta. Ni tope la kale lililogandamizwa kwa mamilioni ya miaka likawa jiwe. Mafuta na gesi vimo humo humo vilikopikwa, ndani ya vitundu vidogo mno ambavyo wataalamu huvipima kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

Hewa ukaa ilianza kazi hii kwenye miamba ya kawaida. Hataza ya kuitumia kuvunia mafuta ilitolewa Marekani mwaka 1952, lakini mradi mkubwa wa kwanza wa kibiashara ulisubiri hadi Januari 1972, katika eneo la SACROC, wilaya ya Scurry, Texas. Mafuta yaligunduliwa pale mwaka 1948 ndani ya mwamba wa chokaa. Walishaingiza maji miaka mingi, na maji yakaacha mafuta mengi nyuma. Wakajenga bomba refu kuleta hewa ukaa kutoka mitambo ya gesi ya kusini zaidi, ambako ilikuwa ikitenganishwa na gesi asilia na kuachwa ipae zake.

Kinachotokea chini ni hiki. Hewa ukaa ikipita nyuzi joto 31 na shinikizo la kama mara 73 ya hewa tunayovuta, inakuwa kitu cha katikati: nzito kama kimiminika, nyepesi kupenya kama gesi. Ikikutana na mafuta inaingia ndani yake, mafuta yanaumuka kama unga wa maandazi na kuwa mepesi kutiririka. Shinikizo likitosha, viwili hivyo vinachanganyika kabisa. Unaiingiza kisima hiki, inayabeba mafuta hadi kisima kile. Hapo neno langu "inasukuma" lisingemkera mhandisi.

(Miaka ya 1980 Texas ilianza kuletewa hewa ukaa iliyojikusanya yenyewe chini ya ardhi huko Colorado. Kama unaona ni ajabu, uliza watu wa Rungwe. Kwetu nako inatoka ardhini yenyewe, inavunwa na kuuzwa viwandani.)

Baadaye likaja wimbi la sheli. George Mitchell na kampuni yake walihangaika na sheli ya Barnett, Texas, tangu mwaka 1981, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakapata namna ya kuipasua kwa maji mengi yenye shinikizo kubwa bila kufilisika. Wengine wakaongeza visima vinavyolala mlalo, na ujuzi ukahamia kwenye mafuta: Bakken huko North Dakota na Montana, Eagle Ford kusini mwa Texas. Pesa zikamwagika. Ila visima hivi vina tabia mbaya, vinatoa kwa fujo mwaka wa kwanza kisha vinanywea. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, inabaki mle mle jiweni. Ndipo watu wakakumbuka dawa ya 1972.

Na hapo ndipo swali la yule mhandisi linapouma. Mwaka 2008 hewa ukaa iliingizwa kwenye kisima cha mlalo cha Bakken, wilaya ya Mountrail, North Dakota. Haikupita wiki mbili ikaibukia kisima cha jirani. Haikusukuma chochote cha maana, ilipita kwenye nyufa kama mtu anayekatiza uchochoroni. Mapema mwaka 2009 wakajaribu Montana: wakaingiza, wakafunga kisima, wakafungua. Mafuta hayakuongezeka kwa kiasi cha kujisifia.

Lakini maabara ilikuwa inasema mengine kabisa. Mwaka 2013 Steven Hawthorne na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Dakota walieleza walivyoviloweka ndani ya hewa ukaa vijiti vya mwamba wa Bakken, vyenye unene wa kama kidole. Baada ya siku chache, mwamba wa tabaka la kati (ambao wenyewe si sheli, umebanwa katikati ya sheli mbili) ulitoa karibu mafuta yake yote. Sheli zenyewe zilitoa pungufu, lakini nazo zilitoa.

Kwa nini kijiti kikubali na kisima kikatae? Maelezo yao ndiyo yaliyonifungua macho. Ndani ya sheli gesi haipiti na kubeba mafuta mbele yake, maana njia hakuna. Inajaza nyufa, kisha inajipenyeza polepole kutoka ufa kuingia jiweni, na mafuta nayo yanatoka polepole kurudi ufani. Kijiti cha maabara kimezungukwa na gesi pande zote, na safari ni ya milimita chache. Kisimani, umbali kutoka ufa hadi ufa unaweza kuwa mita nyingi. Kwa hiyo kazi ni kuloweka. Mama anayeloweka maharage usiku hayasukumi, anayapa muda.

Kwa sheli ya gesi kuna jambo la ziada. Methani imenata kwenye kuta za vitundu, na hewa ukaa inanata kwa nguvu zaidi, hivyo inamtoa mpangaji na kukaa yenyewe. Machi 2014 watafiti wa Virginia Tech waliingiza tani zipatazo 510 kwenye kisima cha sheli ya Chattanooga, wilaya ya Morgan, Tennessee, wakakifunga miezi kadhaa. Kilipofunguliwa kilitoa gesi kuliko awali, na sehemu kubwa ya hewa ukaa ikabaki chini.

Waliofanikiwa kibiashara, nakiri, hawakutumia hewa ukaa. Mwaka 2016 EOG Resources ilitangaza kwamba majaribio yake ya Eagle Ford ya kuingiza, kufunga na kufungua yangeongeza mafuta kwa asilimia 30 hadi 70. Hayo ni makadirio yao wenyewe. Gesi waliyotumia ni gesi asilia, iliyokuwa inatoka visima vya hapo hapo. Hewa ukaa inataka bomba, na bomba linataka mtu wa kulilipia.

Mlipaji mmojawapo ni serikali. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 2022 iliwapa wanaozika hewa ukaa bure dola 85 kwa tani, na wanaoitumia kuvunia mafuta dola 60. Julai 2025 sheria mpya ikafuta tofauti hiyo. Pipa moja la mafuta likichomwa hutoa karibu kilo 430 za hewa ukaa. Kwenye miradi ya kawaida ya Marekani, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, kila pipa huingiziwa kilo 300 hadi 600. Mizani inaweza kulalia upande wowote, na kwenye sheli majaribio ni machache mno kunishawishi kwamba tunazika zaidi ya tunachochoma.

Masahihisho yangu yalitoka Jumanne, ukurasa wa 4, mistari mitatu. Mhariri alikata ile ya maharage. Wadau mnaofanya kazi visimani, kama bado kuna mahali nimeteleza, uwanja ni wenu.