Momella na Ustadi wa Senema Bubu

Katika picha za senema zilizopigwa Tanganyika kabla ya Uhuru, hapana niipendayo kuliko *Hatari!*, ambayo Howard Hawks alikuja kuitengeneza Arusha mwishoni mwa mwaka 1960, akiwa na John Wayne, Elsa Martinelli na Hardy Krüger, nayo ikaonyeshwa ulimwenguni mwaka 1962. Kwa dhahiri ni kisa cha watu wa Momella, katika nchi ya Meru karibu na Arusha, wanaokamata wanyama ili wapelekwe katika bustani za ng'ambo. Lakini kwa asili yake ni kisa cha wachunga ng'ombe wa Marekani, ila farasi amegeuka kuwa lori, na kitanzi hakirushwi bali kimefungwa kwenye ncha ya mti mrefu.

Hawks alianza kuongoza mwaka 1926, zama za picha bubu, ambapo mwongozaji asiyeweza kueleza khofu, tamaa na ushujaa kwa mwendo wa viungo peke yake hakuwa na kazi, na taathira ya malezi hayo haikumtoka hata uzeeni. Mtazame Wayne alivyoketi katika kiti kilichofungwa mbele ya lori, pembeni kabisa, mti wa kitanzi mikononi, na kifaru anakwenda mbio sambamba naye, karibu hata angaliweza kumgusa. Mara mnyama anageuka, anaupiga ubavu wa gari kwa pembe, vumbi linafunika kila kitu, na maneno machache yanayosemwa yanamezwa na ngurumo ya injini, wala mtazamaji hapungukiwi na lolote. Waigizaji waliifanya kazi hiyo wenyewe, na hadithi ikapangwa kufuata yale yaliyopatikana mbugani. Kamera ya Russell Harlan, aghalabu, imewekwa usawa wa macho ya mtu, bila ya madoido, kana kwamba nasi tumo katika msafara. Wakamataji wakirejea nyumbani jioni na kuanza maongezi ya mapenzi, picha inalegea, mpaka watoto wa ndovu watakapoingia mbio katika njia za mji wa Arusha.

Hata hivyo, kisa cha wachunga ng'ombe hutaka ardhi iliyo tupu, na Hawks aliionyesha nchi ya Meru kuwa tupu, ilhali haikuwa hivyo. Mwezi wa Novemba 1951, mwendo mfupi kutoka Momella, serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili mahali pao wapewe Wazungu wafugaji. Simtii Hawks hatiani kwa dhuluma iliyotendeka kabla hajafika, wala sipunguzi sifa ya ustadi wake. Nasema tu kwamba jicho lililojua kumsoma kifaru kwa mkunjo wa shingo yake lilipita juu ya watu wa mahali pale kama wapita njia. Kirilo Japhet, Mmeru aliyesafiri hadi New York mwaka 1952 akaushitaki uamuzi wa kuwafukuza mbele ya Umoja wa Mataifa, alikuwa na habari ya ardhi, safari na ushujaa iliyotimiza kila sharti la kisa cha namna hiyo, nayo ingali inastahili mwongozaji wa kadiri ya Hawks.