Forodha ya Pangani

Ukishuka kwenye pantoni ukitokea Bweni, unakanyaga ukingo wa mto ambao katika karne ya 19 ulikuwa mlango wa mali nyingi ya bara. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi waliotoka Kilimanjaro na Umasaini. Sukari ilitoka karibu zaidi, kwenye mashamba ya miwa ya kandokando ya mto, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Pembe zilipimwa kwa frasila, kila frasila kilo 16 hivi, karani akaandika, na mwenye mali akalipa ushuru wa Seyyid, sultani wa Unguja, kabla jahazi halijatweka tanga.

Nayaeleza haya kwa sababu historia ya kodi katika pwani hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na Wajerumani. Wapwani walikuwa wakilipa zamani. Msafara haukufika Pangani kabla ya kutoa hongo njiani. Leo neno hilo tunalitumia kwa rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa malipo ya wazi: ulitoa nguo au shanga, ukapata njia, maji na usalama. Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, alijipatia sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kuikalia njia hiyo ya misafara. Mjini nako majumbe, wakuu wa wenyeji, walikuwa na fungu lao, na fungu hilo lilirudi kwa watu katika karamu na ngoma. Kila aliyelipa alijua amemlipa nani na anaweza kumdai nini.

Hata kukodisha forodha hakukuwa jambo geni. Kwa miaka mingi Seyyid hakukusanya ushuru wake mwenyewe. Alikodisha kazi hiyo kwa matajiri wa Kihindi, Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan. Wao walimlipa kiasi walichokubaliana, kisha wakajirudishia fedha yao bandarini. Kwa hiyo tarehe 28 Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said alipotia saini mkataba wa kuikodisha forodha ya Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, kwa juu juu mtu angeweza kudhani kwamba mpangaji tu ndiye amebadilika.

Mkataba ulibeba zaidi ya forodha. Kampuni ilipewa haki ya kutoza kodi mpya, kuweka maofisa wake, kusimamia mahakama na kuitwaa ardhi isiyo na mwenyewe. Watu wakaambiwa waandikishe mashamba na nyumba zao na waonyeshe hati. Katika nchi ambako umiliki ulithibitishwa kwa minazi aliyoipanda babu na kwa ushahidi wa majirani, agizo hilo lilimtia kila mtu wasiwasi kwamba kesho ataambiwa pale anapolala si pake.

Kampuni ilishika hatamu katikati ya Agosti, na mkuu wake Pangani alikuwa Luteni Emil von Zelewski. Liwali Abdulgawi bin Abdallah, mwakilishi wa Seyyid mjini, alikataa kuipa bendera ya kampuni heshima ile ile ya bendera ya Seyyid. Zelewski akaita manowari, askari wa majini wakashuka mjini kumtafuta liwali. Siku zenyewe zilikuwa za Idi ya kuchinja. Wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa wakaingia pamoja nao. Tangu hapo halikuwa tena suala la asilimia ngapi zilipwe kwa frasila. Manowari zilipoondoka, watu wa mji walimfungia Zelewski ndani ya nyumba, hadi Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Seyyid, alipokuja Septemba kumtoa. Mathews naye hakukaa. Watu wa Pangani hawakutaka tena kumsikia mtu yeyote aliyetumwa kutoka Unguja, kwani Unguja ndiko walikouzwa.

Vita ikazuka, na uongozi wake ukashikwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa karibu na mji, mtu aliyekuwa na ugomvi wa miaka mingi na masultani wenyewe. Saadani akasimama Bwana Heri. Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa kutoka Sudan na Msumbiji. Julai 1889 Pangani na Tanga zikaanguka, na tarehe 15 Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, aliitungia vita hiyo utenzi, na hadi leo huo ni mojawapo ya shuhuda zetu chache zilizoandikwa na mkono wa upande ulioshindwa.

Kinachonikera zaidi kuliko mizinga ni hesabu iliyofuata. Mwaka 1890 Seyyid alilipwa maki milioni 4 ili aiachie Ujerumani pwani yote moja kwa moja. Fedha hizo zilitoka katika mkopo wa kampuni. Kwa mapatano ya Novemba mwaka huo, serikali ya Ujerumani ilichukua utawala na forodha, ikakubali kuilipa kampuni maki 600,000 kila mwaka kutoka katika mapato ya forodha hiyo hiyo, ili mkopo ulipike. Kila pembe na kila gunia la kopra lililopita Tanga, Pangani au Bagamoyo lilichangia deni hilo. Watu wa Mrima waliuzwa bila kuulizwa, kisha bei ya kuuzwa kwao ikatozwa kwao wenyewe.

Halafu ikaja kodi ya nyumba. Gavana Eduard von Liebert aliitangaza Novemba 1897, ikaanza Aprili 1898: rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Hapa Kiswahili kinaeleza jambo kuliko sheria yenyewe. Kodi ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na neno hilo hilo ndilo lililotumika kwa malipo haya ya serikali. Mtu aliyekata miti mwenyewe, akajenga, akaezeka kwa makuti, sasa alikuwa analipa kodi ya nyumba yake kama mpangaji. Wala aliyekuja mlangoni na daftari mara nyingi hakuwa Mzungu. Alikuwa akida au karani, mara nyingi mtu wa pwani aliyejua kusoma na kuandika, na wengine walitoka katika shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892. Hilo nalo tulikumbuke tunapogawa lawama.

Rupia zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilikuwa imefika Mombo ifikapo 1905. Miche 62 ya mkonge iliyookolewa na Richard Hindorf kutoka katika shehena ya Florida ilipandwa Kikogwe, jirani na Pangani, ikazaa mashamba yasiyo na mwisho. Usambara mwaka 1907 kila mwanaume mzima alipewa kadi: afanye kazi siku 30 kwa mlowezi ndani ya miezi minne, la sivyo atapelekwa kazi za serikali. Watu wakaiita kipande. Waingereza walipochukua nchi waliunganisha kodi ya nyumba na ya kichwa katika sheria ya mwaka 1922, na kipande kikaendelea kwenye mkonge: siku 30 zikitimia ndipo ulipwe. Manamba, vibarua wa mkataba, walitoka Kigoma na Songea kuja kukata mkonge Tanga, na wengi walichokuwa wakikitafuta kwanza ni fedha ya kodi.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, na halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani. Halmashauri ziliporudi miaka ya 1980, kodi ilirudi nazo, ikiitwa ya maendeleo. Mwanaume asiye na risiti mfukoni alijua kuwa mgambo wanaweza kumsimamisha njiani au kumwamsha alfajiri, na vijijini wapo waliolala porini msimu wa kukusanya ulipofika. Risiti ile ilifanya kazi ya kipande.

Juni 2003 Waziri wa Fedha Basil Mramba alitangaza bungeni kuwa kodi ya maendeleo imefutwa, pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo wa halmashauri. Ilikuwa haki, na vijijini watu waliipokea kwa furaha ya kweli. Lakini halmashauri zilipoteza chanzo kilichokuwa mikononi mwao, na serikali kuu ikaahidi kufidia pengo hilo. Pangani, mji uliowahi kupima pembe zake na kuhesabu ushuru wake ukingoni mwa mto, ukaanza kama wilaya nyingine zote kungoja ruzuku kutoka Hazina.