Thabeet: Namna mchezaji wa chuo anavyopimwa kabla ya kuingia NBA

Na Mwandishi Wetu, Igogwe

KATIKA wilaya ya Rungwe, iliyotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa soka wa Tanzania Bara mwaka 1986, mchezaji hupimwa kwa macho. Wazee husimama kando ya uwanja, na baada ya mechi mbili tatu hukumu imekwisha kutolewa. Marekani kazi hiyo ina utaratibu wake, uitwao drafti, na Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, Hasheem Thabeet, alipitia huko.

Timu 30 za NBA huchagua chipukizi kwa zamu katika raundi mbili, na zile zilizofanya vibaya msimu uliopita hupewa nafasi kubwa zaidi ya kutangulia. Tangu 2006 kijana wa Kimarekani hachukuliwi moja kwa moja kutoka sekondari, hivyo vyuo vikuu vimekuwa mizani.

Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka takriban 15, umri ambao wenzake wa Marekani wamekwisha kucheza kwa muda mrefu. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Urefu wa sentimita 221 haufundishwi na kocha yeyote.

Lakini Februari 16, 2009, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Mechi moja haimhukumu mtu. Hata hivyo ilionyesha kuwa akisukumwa na mwenye miguu imara, alihama mahali pake.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu lilikuwa zito zaidi. Sheria za chuo humruhusu mlinzi kusimama chini ya goli apendavyo. NBA humkataza kukaa hapo zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Kwa hiyo mitupo aliyoizuia chuoni haikuwa kipimo kamili. Swali lilikuwa kama miguu yake ingeweza kutoka, kukaba na kurudi kwa wakati.

Juni 25, 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Msimu wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akaondoka NBA mwaka 2014.

Na Blair? Madaktari waligundua kuwa magoti yake yote mawili hayakuwa na kano muhimu za kuyashikilia. Timu ziliogopa, akaachwa hadi nafasi ya 37, San Antonio walipomchukua. Alicheza NBA hadi 2016, mechi nyingi kuliko Thabeet.