Ua Lisilotaka Ua

Mfasiri wa mashairi ya Kiingereza hukwama alifikiapo neno "primrose". Hatuna jina lake, kwani mmea wenyewe si wa kwetu. Wataalamu huuita Primula, neno la Kilatini lenye maana ya kilicho kidogo na cha kwanza, kwa kuwa huwahi kuchanua baada ya baridi.

Katika ukoo huo yumo mmoja, Primula scotica, usioota mwituni popote duniani ila kaskazini kabisa ya Uskoti: katika pwani za Sutherland na Caithness, na visiwa vya Orkney. Kimo chake aghalabu hakifiki sentimita 10. Ua lake ni la zambarau lenye jicho la manjano, na majani yake yamepakwa unga mweupe upande wa chini. Huchanua Mei, kisha tena kuanzia Julai. Katika upepo ule wa chumvi wadudu ni haba, nao huweza kujichavusha wenyewe. Mbegu zake huanguka miguuni pa mama. Hazina bawa la kurukia. Ndiyo maana plau likishapita, ni shida ua hilo kurejea.

Mwaka 1814, na tena 1819, wakulima wa bonde la Strathnaver, huko Sutherland, walifukuzwa makwao ili ardhi wapewe wafugaji wakubwa wa kondoo. Nyumba zilitiwa moto. Wengi walisukumwa pwani, kwenye vishamba vyembamba vya Bettyhill. Na jirani ya hapo, Invernaver, ua hilo lingali linaota. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo William Jackson Hooker, aliyeanza kufundisha elimu ya mimea Glasgow mwaka 1820, alilitambulisha kuwa ni la aina ya pekee. Ua likapewa jina la nchi wakati wenye nchi wanaondolewa.

Yamkini msomaji atadhani kwamba ua hili litasalimika likizungushiwa ua. Sivyo. Maisha yake yamo katika nyasi fupi. Mifugo ikiondolewa, nyasi na vichaka hurefuka vikalinyima mwanga. Kondoo na ng'ombe wakilishwa hapo majira ya baridi, ardhi hubaki wazi na mbegu zikapata pa kuota. Wakizidi, nao huumiza. Linalotakiwa ni mchungaji ajuaye kiasi.

Nasi mara nyingi tumeambiwa kwamba kuhifadhi ni kuwaondoa watu. Ua hili dogo linashuhudia vingine.