Utomvu, Utando na Anguko la Mpira katika Afrika Mashariki ya Kijerumani

Katika nyua za Shinyanga na Geita, tawi la mnyaa likivunjwa hutoa utomvu mweupe unaofanana na ule wa mpira. Hata hivyo, zao la mpira la mashamba ya Wajerumani lilitokana na mti wa Ceará, Manihot glaziovii, uliopandwa hasa upande wa Tanga na Morogoro. Miongoni mwa vibarua wake walikuwamo Wanyamwezi na Wasukuma waliosafiri kutoka bara. Anguko la zao hilo mwaka 1913 kwa kawaida huhusishwa na kushuka kwa bei; namna utomvu ulivyogandishwa nayo ilichangia.

Utomvu ni maji yaliyobeba chembe ndogo sana za polima, ambazo chaji hasi huzizuia zisigandamane. Maji yanapokauka taratibu, chembe hukaribiana, hubanana na kubadilika umbo hadi mianya iliyo kati yake inazibika. Kisha minyororo ya polima huvuka mipaka ya chembe na kufungamana, na utando mmoja hupatikana. Hili huwezekana kwa kuwa chembe za mpira ni laini katika joto la kawaida. Utomvu wa mnyaa una ulimbo mwingi na mpira kidogo, hivyo haukufaa kibiashara.

Njia iliyoenea mashambani iliitwa Lewa, kwa jina la shamba moja la Tanga. Gome lilipakwa asidi, kama vile maji ya ndimu, kisha likachomwachomwa kwa kisu. Asidi iliondoa nguvu ya chaji, na utomvu ukaganda papo hapo juu ya gome, kabla maji hayajatoka. Mgemaji aliuvua na kuuviringa kuwa donge. Kazi ilikuwa nyepesi na vyombo vichache, lakini donge lilifungia ndani yake maji na vipande vya gome.

Malaya, utomvu wa Hevea ulichujwa kwanza, ukagandishwa katika trei, ukasagwa kuwa karatasi nyembamba na kukaushwa kwa moshi. Bei ilipoporomoka mwaka 1913, donge chafu, lenye gharama ya kusafishwa, halikuweza kushindana nao, na mashamba mengi yaliacha kugema. Mwaka 1942, Japani ilipoiteka Malaya, Waingereza waliifufua miti hiyohiyo ya Tanganyika kwa kutumia pia vibarua wa kulazimishwa. Ushindani ulipoondoka, udhaifu wa donge ulivumilika. Vita vilipokwisha, mashamba yaliachwa tena.