Kabla Tujenge Mtambo wa Taka Otonglo, Tukumbuke Kachok

Wiki jana tulikaa chini ya mti hapa Otonglo, vijana kama kumi hivi na karatasi moja ya manila. Tulikuwa tunachora mtambo mdogo wa kuchambua taka za nyumbani: mkokoteni utaingilia wapi, mizani itakaa wapi, meza ya kuchambulia itakuwa ndefu kiasi gani. Mama mmoja jirani akasimama, akaangalia mchoro, akaniuliza: "Nyathina, kwa hivyo mmeamua kutuletea Kachok?"

Nilitaka kumjibu haraka haraka. Nikanyamaza, juu historia iko upande wake.

Kama hukukulia Kisumu, Kachok ni lile jaa lililokuwa kando ya Moi Stadium tangu miaka ya 1970. Ulikuwa unaenda mechi, na mlima wa taka uko hapo unafuka moshi. Lakini shida haikuanzia hapo.

Reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mwaka wa 1913 daktari Mwingereza, William Simpson, alizunguka Afrika Mashariki kukagua usafi wa miji. Ushauri wake? Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, eti kwa sababu ya afya. Yaani serikali ya mkoloni ilipanga kuchambua watu kabla ya kuchambua taka. Mitaa kama Manyatta, Nyalenda na Obunga ikakua nje ya mpaka wa mji, bila mifereji na bila lori la taka. Mapema miaka ya 1970 mpaka ukapanuliwa, mitaa hiyo ikaingia ndani ya mji. Kwenye ramani, lakini. Lori bado lilikuwa la wachache, na kile lilichobeba kikaenda kurundikwa Kachok.

Ikafika 2017, kuhamisha Kachok ikawa ahadi kubwa ya kampeni. Kaunti ikaanza kusomba ule mlima, na presha ikazidi kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, wakati wageni wa bara zima walikuwa wanakuja mjini. Mimi pia nilifurahi. Lakini angalia swali ambalo mji umekuwa ukijiuliza miaka hiyo yote: tupeleke wapi? Hakuna aliyeuliza kwa sauti: hii kitu ni nini hasa?

Na si kwamba hatujui kuuliza. Viwanda vya samaki vilipoanza kukata minofu ya mbuta na kuiuza ng'ambo, mifupa na vichwa vilibaki. Kina mama wa Obunga wakavichukua vikiwa bado vizuri, wakavikaanga, wakaviuza. Hiyo ndiyo mgongo wazi, na wengi wetu tumesomeshwa nayo. Siri ni moja tu: ile mifupa haikuchanganywa na majivu na karatasi kwanza. Ilitengwa pale pale ilipotoka.

Hata sheria sasa inasema hivyo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na inazipa kaunti kazi ya kujenga vituo vya kuokoa vitu vinavyoweza kutumika tena. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni zile za kuoza: maganda, mabaki ya ugali, sukuma iliyonyauka. Ukizitenga unapata mboji. Ukizichanganya na chupa, mboji imeharibika na chupa hainunuliki. Jina la mtaa wetu ni lile la sarafu ya zamani ya senti kumi, na biashara hii ni ya senti kumi kumi kweli. Uchafu ukiingia, hata hizo hupati.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: mtambo unaanzia jikoni, na banda ni hatua ya pili. Tulirudi kwa ile manila tukaongeza vitu. Magunia mawili kila nyumba, na gunia lililochanganywa halipiti mizani. Paa, na sakafu ya simiti, ili mvua isibebe maji machafu hadi ziwani. Taka za kuoza zifunikwe na kuondoka siku hiyo hiyo, kwa sababu uwanja wa ndege uko hapo tu, na ukiacha chakula wazi makorongo watajaa. Ndege wa manyoya na ndege ya abiria hawafai kukutana.

Halafu kuna kitu hatukuwa tumechora kabisa: nepi, viatu vilivyokatika, vitu ambavyo hakuna mtu atanunua. Hivyo vitabaki, na vinahitaji lori la kuvipeleka jaa lililopangwa vizuri. Lori lisipokuja wiki mbili, tuna Kachok ndogo mlangoni, hata tuuite mtambo mara mia.

Nilimrudia yule mama, nikamwambia alikuwa sawa. Tukamwomba akae kwenye kamati na ashike ufunguo wa geti. Mabaki yakilala siku tatu, anafunga, hakuna gunia jipya linaingia hadi yaondoke. Akacheka, akasema ataufunga siku ya kwanza.

Bado hajakubali. Jumamosi tunakutana tena, na amesema atakuja na wenzake.